Gallaudet: timu ya viziwi na duara lililoenea Marekani nzima

Anayetazama mpira wa Kimarekani kwa mara ya kwanza hachoshwi na kugongana, huchoshwa na kusimama. Mpira unachezwa sekunde tano au sita, mtu anaangushwa, filimbi inalia, halafu wachezaji 11 wa timu yenye mpira wanakusanyika duara, vichwa vimeinama, migongo imewageukia wapinzani. Wanapeana maneno, wanatawanyika, wanajipanga mstarini, na kazi inaanza upya. Mgeni huuliza wanaongea nini, na kwa nini wasiongee wakiwa kwenye nafasi zao.

Zamani waliongea wakiwa kwenye nafasi zao. Kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira na kuamua uende wapi, alipaza sauti ya namba na mafumbo akiwa mstarini, wenzake wakajua ni mbinu ipi inachezwa. Wapinzani walisikia kila kitu ila hawakujua maana yake. Lakini kulikuwa na chuo kimoja kidogo cha Washington ambacho kwotabeki wake hakuwa na sababu ya kupaza sauti, maana hakuna mwenzake ambaye angemsikia.

Gallaudet ni chuo cha viziwi. Sheria iliyokipa mamlaka ya kutoa shahada ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 8 Aprili 1864, na Edward Miner Gallaudet akawa rais wake wa kwanza. Mpira ulianza kuchezwa pale mwaka 1883. Hiyo ilikuwa miaka mitatu tu baada ya mkutano wa Milano wa mwaka 1880, ambako walimu waliokusanyika, wengi wao wanaosikia, walipitisha azimio la kuiondoa lugha ya alama mashuleni na kuwalazimisha watoto viziwi wasome midomo na kutamka. Shule nyingi za Ulaya na Marekani zikafuata mkumbo. Gallaudet alama zilibaki, darasani na uwanjani, na uwanjani ndiko zilikozaa tatizo.

Kwotabeki wa Gallaudet kuanzia mwaka 1892 hadi 1895 aliitwa Paul Hubbard. Aliita mbinu kwa mikono, akiwa amesimama wazi nyuma ya mstari wake. Dhidi ya vyuo vya wanaosikia hilo halikuwa na hatari kubwa, kwa kuwa wapinzani waliona vidole vinacheza tu. Lakini sehemu ya mechi zao zilikuwa dhidi ya viziwi wenzao, na hapo kila alama ilisomwa na watu 22 badala ya 11. Mlinzi wa upande wa pili alijua mpira unakwenda kulia kabla hata haujaondoka chini. Mwaka 1894 Hubbard akawakusanya wenzake duara, mikono ikaingia katikati, miili ikawa ukuta. Mwaka huohuo chuo kilibadilishwa jina na kuitwa Gallaudet, kwa heshima ya Thomas Hopkins Gallaudet, baba yake rais.

Baada ya kuhitimu, Hubbard alikwenda kufundisha kwenye shule ya viziwi ya Kansas, mjini Olathe, na mwaka 1899 akaanzisha mpira pale. Duara likasafiri naye. Wapo wanaobisha kwamba duara lilizuka sehemu zaidi ya moja, na ubishi huo una msingi: katika miaka ya 1920 ni Bob Zuppke wa chuo kikuu cha Illinois aliyelifanya kuwa desturi ya kila mbinu, na makocha wa zama zile walimlalamikia kwamba anachelewesha mchezo. Kwa maoni yetu ubishi wa nani alitangulia hauna tija sana. Zuppke alikuwa na sababu yake, makelele na wapinzani waliokwisha kuzoea mafumbo. Hubbard alikuwa na sababu nyingine, na ya kwake ndiyo yenye mkazo zaidi: kwake duara halikuwa njia bora ya kuficha, lilikuwa njia pekee.

Duara la viziwi lina umbo lake. La wanaosikia linaweza kubanana kabisa, vichwa vikagusana, kwa sababu sauti inapita. La Gallaudet likibanana hivyo haliwezi kufanya kazi, kwani mikono inahitaji nafasi na kila jicho linahitaji njia ya kuifikia mikono hiyo. Kwa hiyo linakaribia umbo la kiatu cha farasi: wachezaji wa mstari, ambao ndio warefu na wanene, wanainama mbele, wakimbiaji wanasimama nyuma yao, kwotabeki anabaki kwenye mdomo uliowazi, anawakabili wote, mgongo wake kwa wapinzani. Anatoa alama chini, usawa wa kifua hadi kiunoni. Akinyanyua mikono juu ya mabega, mlinzi wa nyuma wa timu pinzani ataiona.

Kuna kikwazo kingine ambacho asiyejua lugha ya alama hakifikirii. Lugha ya alama ya Marekani haiko kwenye vidole peke yake: nyusi, midomo na mashavu hubeba sehemu ya sarufi, na kwa nyusi swali hutofautiana na kauli. Ukivaa helmeti yenye vyuma usoni, nusu ya sarufi hiyo inafichwa. Ndiyo maana alama za uwanjani hufupishwa, zinakuwa za mkono mmoja au miwili isiyohitaji uso: namba ya mbinu, upande, na hesabu ya kuanza.

Hesabu ya kuanza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Mchezo unaanza pale senta, aliyeinama na mpira katikati ya mstari, anapoupitisha nyuma katikati ya miguu yake. Mwenzake yeyote wa mstarini akitikisika kabla ya hapo, timu inarudishwa yadi 5. Akichelewa kutikisika, mlinzi aliye mbele yake anampita na kwotabeki anavunjwa mbavu. Timu za wanaosikia zimemaliza tatizo hili kwa sauti: kwenye duara wanakubaliana kwamba mpira utatoka kwenye neno la pili au la tatu, na wote wanaondoka pamoja wakiwa wamekaza macho mbele. Wanajua, mlinzi hajui. Hiyo sehemu ya sekunde ndiyo faida nzima ya kuwa na mpira.

Kwa miaka mingi Gallaudet walitafuta faida hiyo kwa ngoma. Ngoma kubwa ya besi iliwekwa kando ya uwanja, mtu akaipiga kwa mirindimo iliyopangwa, na wachezaji wakaihisi mtetemo wake kifuani na miguuni. Kwenye duara walikubaliana ni pigo la ngapi. Waandishi wa habari waliipenda ngoma hiyo kupita kitu kingine chochote pale chuoni, na ni rahisi kuelewa kwa nini, maana inapendeza kusimulia. Kama kifaa cha mpira, hata hivyo, ilikuwa na kasoro kubwa. Uwanja una upana wa yadi 53 na futi moja, na ngoma inakaa upande mmoja. Mpira ukiwa upande wa pili mtetemo unafika hafifu, na nyasi laini zilizolowa haziufikishi vizuri kama ardhi kavu. Viziwi nao hawafanani: mmoja ana usikivu kidogo wa sauti nzito na anaipata ngoma kwa sikio, mwingine anaitegemea ngozi tu, na wawili hao hawaondoki kwa wakati mmoja. Baya zaidi, wapinzani wanaosikia waliisikia ngoma vizuri kuliko wenyeji. Baada ya mashambulizi mawili, mlinzi yeyote mwenye akili alikwisha kujua ni pigo la ngapi. Leo ngoma ipo kwa shamrashamra na kwa wimbo wa chuo. Mpira unaanza kwa macho.

Kuanza kwa macho kunakwenda hivi. Kwotabeki anasimama kama yadi 5 nyuma ya senta. Walinzi wakishajipanga na yeye akaridhika, ananyanyua mguu au anafungua viganja. Senta anachungulia katikati ya miguu yake akiwa kichwa chini, au gadi aliye kando yake anageuza kichwa nyuma, anaiona ishara, anamgusa senta. Senta anainua kichwa, anasubiri kidogo, anaupeleka mpira. Wengine wote wa mstarini wanautazama mpira kwa pembe ya jicho na kuondoka unapoondoka. Timu za NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, zikicheza ugenini kwenye makelele makubwa hufanya vilevile.

Makosa yake yanajulikana. La kwanza ni mdundo: senta akiinua kichwa na kutoa mpira baada ya muda uleule kila mara, walinzi wanasoma kichwa chake badala ya mpira. Dawa ni kukubaliana kwenye duara kama atasubiri kwa hesabu ya moja au ya mbili, na kubadilisha bila mpangilio. La pili ni senta mwenyewe: muda anaochungulia nyuma ni muda asiomwona jitu lililo sentimita chache mbele ya pua yake, na mara nyingi hilo ndilo linalomwangusha. La tatu ni la mchezaji wa pembeni, teko, ambaye ana watu wawili kati yake na mpira. Akigeuza jicho ndani kutazama mpira, anampoteza mlinzi wa nje ambaye ndiye mwenye mbio kuliko wote. Akimtazama mlinzi, anachelewa kuondoka. Kocha anayejua kazi yake humrudisha teko nyuma kidogo ili mpira uingie kwenye macho yake bila kugeuza shingo. Lakini sheria inataka helmeti ya mchezaji wa mstarini ifike usawa wa kiuno cha senta. Akirudi zaidi ya hapo, ni yadi 5 nyingine za adhabu. Mechi nyingi zimepotea ndani ya hizo inchi chache.

Wanapolinda, uziwi una neema yake. Makwotabeki wa timu zinazosikia wana ujanja wa kupandisha sauti ghafla ili mlinzi adhani mpira umetoka, aruke, adhibiwe yadi 5. Ujanja huo kwa Gallaudet ni kupoteza pumzi. Mlinzi wao hana anachokisubiri isipokuwa mpira wenyewe kutikisika, na makocha wa kila mahali huwahubiria vijana wao wanaosikia wafanye hivyohivyo bila mafanikio.

Kinachowasumbua walinzi wa Gallaudet ni habari kupita kutoka mbele kwenda nyuma. Washambuliaji wakibadili mpangilio sekunde tatu kabla ya mpira kutoka, lainibeki anayesimama katikati anapaswa kuwabadilisha wenzake. Timu inayosikia inapiga kelele moja, basi. Hapa lainibeki lazima ageuke, na akigeuka amewapa mgongo washambuliaji. Mlinzi wa mwisho, yadi 12 nyuma yake, naye anautazama mgongo wa lainibeki. Kwa hiyo inafundishwa kama adabu: baada ya kujipanga, kila mmoja atazame ndani kisha nje kisha mbele, na aliyepokea alama airudishe kwa aliyeitoa ili ijulikane imefika. Asiyerudisha alama anahesabiwa hajaipata. Mpira ukiwa hewani, neno la onyo ambalo walinzi wengine hulipigia kelele halipo; mlinzi anayemfukuza mpokeaji huku ameupa mpira kisogo anatakiwa kuisoma mikono na macho ya mpokeaji, kwamba vikiinuka basi mpira unakuja.

Na filimbi. Kumpiga mtu baada ya filimbi ni yadi 15, adhabu nzito kuliko zote za kawaida. Mchezaji asiyesikia filimbi anaweza kuwa katika mbio kamili na hana habari. Kabla ya mechi kocha huzungumza na waamuzi, mkalimani akiwepo kwa ajili ya manahodha, na kuwaomba wanyanyue mikono mapema na wakimbilie mahali wanapoonekana. Hilo husaidia nusu. Nusu nyingine ni mazoezi: ukimwona mwenzako amelegea, legea. Lakini ukilegea kwa sababu mtu mmoja amejikwaa, na mpira bado unatembea, umewapa wapinzani tachidauni, yaani bao, ya bure. Kati ya makosa hayo mawili makocha wengi wangependelea la kwanza.

Historia ya timu yenyewe haikuwa ya kupanda tu. Mlango wa chuo haukuwa wazi kwa kila kiziwi: Mmarekani mweusi wa kwanza anayetambuliwa kupata shahada pale ni Andrew Foster, mwaka 1954. Jina lake si geni kwetu Afrika. Ndiye aliyezunguka bara hili akianzisha shule za viziwi, akafa kwenye ajali ya ndege nchini Rwanda mwezi Desemba 1987, na kwa sababu yake alama za viziwi wengi wa Afrika Magharibi na Kati zina asili ya Marekani. Timu ya zama za Hubbard, basi, ilichagua wachezaji kutoka sehemu tu ya vijana viziwi wa nchi hiyo.

Katika miaka ya 1990 timu ilishuka hadi kuwa ya klabu, nje ya mashindano rasmi ya vyuo. Sababu ni hesabu. Mpira huu unakula watu: kikosi cha kawaida cha chuo kina wachezaji 80 na zaidi, na chuo chenye wanafunzi elfu moja na kitu, wanawake kwa wanaume, hakiwapati kirahisi. Mwaka 2005 klabu hiyo ilimaliza msimu bila kupoteza mechi, ikashinda zote 9, na mwaka 2007 Gallaudet wakarudi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwenye Divisheni ya Tatu, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo.

Kurudi hakukuondoa ugumu wa kupata wachezaji. Wengine wanatoka shule za kawaida, walikuwa kiziwi pekee kwenye timu, na wengine kati ya hao hawajui lugha ya alama kabisa. Wanajifunza mbinu na lugha kwa pamoja, na msimu wa kwanza wanachelewa kila mara. Wengine wanatoka shule za viziwi. Hao lugha wanayo, lakini shule hizo ni ndogo na nyingi zinacheza mpira wa watu 8. Shule ya viziwi ya California mjini Riverside, iliyofika fainali ya kanda yake mwaka 2021 na kutwaa ubingwa mwaka 2022, inacheza hivyo. Uwanja wa watu 8 kwa kawaida ni mwembamba, yadi 40, na wanaotakiwa mstarini ni 5 badala ya 7. Teko kwa kawaida hayupo. Kijana aliyekuwa gadi wa kutisha shuleni anafika Washington na kukabidhiwa nafasi ambayo hajawahi kuiona, ileile yenye tatizo la shingo tulilolieleza. Ukitaka kujua kwa nini timu hii imepigwa mechi nyingi, anzia hapo kabla ya kuutaja uziwi.

Mwaka 2013 walitwaa ubingwa wa ligi yao, ECFC, na kuingia hatua ya mtoano ya taifa kwa mara ya kwanza. Chuo cha Hobart kikawatoa kwa 34 kwa 7. Walirudi tena mtoano mwaka 2022, chini ya kocha Chuck Goldstein, na kutolewa raundi ya kwanza na chuo cha Delaware Valley.

Tarehe 7 Oktoba 2023, dhidi ya chuo cha Hilbert, kwotabeki wao aliingia uwanjani na helmeti iliyotengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya simu ya AT&T. Kocha alichagua mbinu kwenye kishikwambi, ikasafiri kwa mtandao wa 5G, ikatokea kama maandishi kwenye kioo kidogo ndani ya helmeti, mbele ya jicho. NCAA waliiruhusu kwa mechi hiyo moja. Gallaudet walikuwa hawajashinda hata mechi moja msimu huo, na siku hiyo wakashinda 34 kwa 20.

Kifaa ni kizuri, na kinaziba pengo la kweli: kwenye NFL makwotabeki wana redio masikioni tangu mwaka 1994. Bila helmeti, kwotabeki kiziwi lazima atazame pembeni hadi alama ya kocha iishe, na kila sekunde anayotazama pembeni ni sekunde asiyowatazama walinzi. Saa ya kuanza mchezo ni sekunde 40. Ukitoa za kuinuka, kutazama kocha, kupeana alama na kujipanga, zinazobaki za kuwasoma walinzi ni chache mno. Maandishi mbele ya jicho yanamrudishia baadhi ya hizo. Ila wasimuliaji wengi wa habari hii waliandika kana kwamba mawasiliano ya timu yamemalizwa. Helmeti ni ya mtu mmoja, tena wa upande unaoshambulia. Wenzake 10 bado wanapata mbinu kutoka mikononi mwake, teko bado anakodoa pembe ya jicho, na timu inapolinda, lainibeki bado ana sekunde tatu za kugeuka, kutoa alama, kuona imerudishwa, na kugeuka tena kabla mpira haujatoka.